Kikombe cha Mwalimu wa Honi

Jina lake nalijua, la baba yake nalijua, hata la ng'ombe aliyewalisha wakiwa wadogo kule Wamunyu nalijua, kwa sababu aliwahi kulitaja na mimi nikitajiwa jina silitupi. Lakini hapa nitamwita Mwalimu tu. Mtu ambaye nimemshuku miaka yote hiyo, nikimwandika kwa jina, watu watasema nina kesi naye. Sina kesi. Niko na maswali.

Mwalimu alikuwa mpiga honi. Si honi ya gari. Ni ile ya shaba, bomba limeviringwa likaviringwa kama utumbo wa mbuzi ukishaoshwa, halafu mwisho wake unapanuka kama karai. Mpigaji anapulizia upande mwembamba, na mkono wa kulia anauingiza ndani ya ule upande mpana, utadhani kuna kitu kimemwangukia humo na anakitafuta. Siku ya kwanza kuiona nilijiuliza, kama ni chombo cha haki, mbona mkono umefichwa?

Okestra yetu ya hapa mjini Machakos ilikuwa ikifanya mazoezi kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Kazi yangu ilikuwa chai. Nilikaa jikoni, nyuma kabisa, na kuna dirisha dogo la kupitishia vikombe. Watu niliwajua kwa chai yao. Kavata wa fidla alitaka sukari mpaka kijiko kisimame. Nzioka wa ngoma alikunywa ya rangi. Bwana Musyimi, aliyekuwa akiwaongoza na kile kijiti chake, aliitaka ya moto ya kuchubua mdomo. Mwalimu alitaka tangawizi, na lazima iwe kwenye kikombe chenye kisahani. "Mimi nimezoea kunywa na wakubwa, Mama Mumo," aliniambia. Mumo ni binti yangu. Mwalimu mwenyewe alikuwa amestaafu kutoka bendi ya serikali, na tai hakuitoa shingoni hata jua likiwa la kukausha mahindi.

Kujisifu kwake kulikuwa na vituko. Siku moja Nzioka alimuuliza, "Mwalimu, ukiwa mbele ya watu wengi hivyo, huogopi?"

"Niogope nini? Nimepiga mbele ya marais. Nimepiga mbele ya mfalme wa nje, farasi wake akasimama kusikiliza. Askari walimvuta, akakataa."

"Farasi wa rangi gani?" nikauliza kutoka dirishani.

"Mweupe, Mama Mumo. Mweupe pe!"

Miezi ikapita, hadithi ikarudi mbele ya wageni, na farasi alikuwa mweusi. Nikaliweka moyoni.

Halafu kulikuwa na miiko. Ndugu yake ni mchongaji huko Wamunyu, na kila Krismasi Mwalimu aliniletea mwiko mpya, mzuri, umepakwa mafuta. Akina mama wengine waliona ni heshima. Mimi niliuangalia ule mwiko juu na chini. Mwanamume anayekuletea mwiko bila kuombwa anatafuta nini jikoni kwako? Niliutumia, maana mwiko ni mwiko. Lakini swali lilibaki.

Kama mwalimu, alikuwa mkali. Hakuruhusu mtu aguse kile kidude cha kupulizia. Alikiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akisema kikipoa kinakuwa adui. Kabla ya kupiga hakula njugu wala pilipili. Wanafunzi wake aliwaambia, "Ukikosea kwa fidla, mmejua wewe na Mungu wako. Ukikosea kwa honi, hata ng'ombe wa Matuu wamejua." Na tena alieleza vizuri mpaka mimi wa jikoni nikaelewa: kwenye honi sauti za juu zimekaa karibu karibu kama nyumba za Mlolongo. Vidole ni vile vile, ni mdomo tu unaochagua mlango. Unaenda kwa jirani ukidhani umefika kwako, na hapo sauti inapasuka, watu wote wanageuka.

Hayo ndiyo maneno yake. Sasa nije kwenye kikombe.

Siku ya mazoezi ya kawaida, Mwalimu alikunywa chai kimya. Lakini siku ya kupiga mbele ya watu, kikombe kililia. Nilimpa chai, akakishika kisahani, na vile vyombo vikaanza kugongana, ti-ti-ti-ti, kidogo kidogo, kama meno ya mtoto mwenye homa. Alijua kuficha. Alikohoa, au aliongea kwa sauti kubwa juu ya farasi, au alitoka nje akisema anaenda kuangalia mvua, na mawingu hayapo. Mimi nimekaa na vikombe maisha yangu. Kikombe hakinidanganyi. Nikajua, huyu bwana wa wafalme anaogopa kama kuku.

Basi mbona kile kipande cha honi peke yake kilitoka safi kila mara? Maana kuna wimbo mmoja waliupenda, ambao kuna mahali wengine wote wananyamaza, honi moja inapanda, inakaa juu, halafu inashuka polepole. Kinakuja mwanzo, na kinarudi tena mwisho. Kila tamasha kilitoka kama asali. Bwana Musyimi akamwelekezea kijiti, Mwalimu akasimama, watu wakapiga makofi. Mtu ambaye dakika chache zilizopita hakuweza kushika kikombe!

Nilianza kuchunguza. Na hapa lazima nieleze jambo moja. Vyombo vingine vyote vinawaangalia watu. Honi peke yake inawapa watu mgongo. Ule mdomo wake mpana unaangalia nyuma. Na nyuma ni wapi? Ni dirishani kwangu. Walioketi mbele walisikia sauti ikigonga ukuta na kuwarudia, wakamwona Mwalimu amekaza mashavu, basi wakaamini. Mimi sauti ilinijia moja kwa moja. Na jioni moja ya tamasha, nikiwa nimeegemeza kiwiko dirishani, nikasikia wazi kwamba sauti haitoki kwenye karai la Mwalimu. Ilitoka kwenye la pembeni yake. Ilitoka kwa Mutheu.

Mutheu ni mjukuu wangu, mtoto wa Mumo. Wakati huo alikuwa amemaliza chuo, anauza dawa kwenye duka moja karibu na stendi, na Jumamosi anapiga honi ya pili, karibu na Mwalimu. Mtoto wangu anapuliza, mzee anasimama kupigiwa makofi!

Nyumbani nilimkalisha.

"Mutheu, nani alipiga kile kipande?"

"Si ni Mwalimu, susu." Anatuita susu sisi bibi zake.

"Niangalie macho."

Akaangalia sufuria. "Susu, wacha tu."

"Niache nini? Anakulipa? Anakutisha? Amekushika na nini?"

"Hajanishika na kitu. Mimi ndiyo nilikubali. Yeye anaweka honi mdomoni, mimi napiga. Hakuna anayejua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ibada ya mavuno."

Ibada ile nilikuwepo. Zamani Mutheu alikuwa na majivuno kumshinda hata huyo mwalimu wake. Alisema honi ni rahisi, alisema wanaotetemeka ni wazee. Mwalimu akamwambia, "Binti, anayetetemeka ninajua kumsaidia. Wewe usiyetetemeka kabisa ndiye unayenitia hofu." Mutheu akamcheka. Siku ya ibada akapewa kiti cha kwanza, cha kupiga peke yake, hakuwa amefanya mazoezi wiki nzima, akasimama kifua mbele na kiatu kipya. Sauti ikapasuka mara ya kwanza, akashtuka. Ikapasuka tena, na tena, mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakaanza kumwigiza. Alirudi nyumbani akaitupa honi chini ya kitanda. Nilidhani yameisha. Kumbe Mwalimu alimtoa huko chini ya kitanda kwa namna hii: puliza wewe, wataniangalia mimi.

Wengine wangesema ni wema. Mimi nikajiuliza wema gani huu ambao makofi yote yanabaki kwa mwenye kuutoa.

Basi zikaja habari za mgeni. Kuna okestra moja Nairobi iliyokuwa ikitafuta mpiga honi wa kudumu, mwenye mshahara na kazi ya mwaka mzima. Mama mmoja anayeitwa Njoki, ndiye mwenye kuchagua, angekuja kwenye tamasha letu. Bwana Musyimi alituambia wazi: mama huyu hampimi mtu chumbani. Anataka kumsikia mbele ya watu, kwa sababu chumbani kila mtu ni hodari.

Nilikokotoa kichwani, na sikuhitaji shule kwa hilo. Mutheu akipiga akiwa amefichwa nyuma ya Mwalimu, Njoki atamsikia Mutheu na kumsifu mzee. Mtoto atabaki kuuza dawa za kikohozi. Nafasi kama hiyo haiji Machakos mara nyingi.

Nikamngoja Mwalimu jikoni.

"Mwalimu, nimejua."

"Umejua nini, Mama Mumo?"

"Honi yako inaniangalia mimi. Imekuwa bubu muda mrefu."

Aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefunguliwa mlango akiwa bafuni. Kisha akajikaza. "Mdomo wa honi unapumzishwa. Hata wakubwa huwa na msaidizi. Huo ni utaratibu."

"Utaratibu wa kusimama pia?"

Akaiweka sawa tai yake.

"Mpe Mutheu kiti chako siku hiyo. Njoki amuone."

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Kwa sababu ukimweka mbele akijua wote wanamngoja, itapasuka, na safari hii honi haitoki tena chini ya kitanda. Mimi najua. Mimi…" akakata. "Najua tu."

"Unajua, au unaitaka Nairobi mwenyewe?"

Alicheka, lakini kicheko hakikufika macho. "Na umri huu, Mama Mumo?"

"Nimeona wazee wa kukushinda umri wakigombea vitu."

Akachukua kikombe chake akaenda kukimalizia nje. Mutheu naye nilipomwambia apige akiwa amesimama wima, aseme ni yeye, alianza kulia. "Susu, siwezi. Nikijua wananiangalia, mdomo unakuwa wa mtu mwingine." Nikaona nimezungukwa. Mmoja anaficha, mwingine anapenda kufichwa.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa. Njoki alikaa safu ya mbele, miwani imeninginia kifuani, hachezi na mtu. Mwalimu alikuja dirishani kuchukua chai. Nikampa. Akashika kisahani.

Kimya.

Nikasogeza sikio. Hakuna ti-ti-ti. Kikombe kimekaa kwenye kisahani kama kimegundishwa. Siku kubwa kuliko zote, na mkono wake umetulia kama wa mtu anayekunywa chai kwake! Moyo wangu ukalia badala ya kikombe. Nikasema, huyu amemeza kitu. Nikainama kama ninayepangusa dirisha nikamnusa pumzi: tangawizi tu. Akaniangalia, akasema, "Chai ni nzuri leo, Mama Mumo," akaenda. Hata farasi hakumtaja. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Nikajua ameamua jambo, na nikaamini ameamua kuichukua hiyo Nairobi.

Wimbo ukaanza. Ikafika pale wengine wanaponyamaza. Nikaona Mutheu anainua honi kama kawaida, na nikaona Mwalimu anamgusa goti: shusha. Akashusha. Na kutoka kwenye karai la Mwalimu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, sauti ikanijia usoni. Ikapanda. Mungu wangu, ilikuwa nzuri, pana, ya mtu aliyewahi kweli kupigia wafalme. Nikashika meza. Nikasema, amemwibia.

Halafu pale juu kabisa, ikapasuka.

Haikupasuka kidogo. Ilipasuka kama mbuzi aliyekanyagwa. Mtu akacheka nyuma. Kavata akainamisha kichwa kwenye fidla. Bwana Musyimi kijiti kilisita. Mwalimu akamaliza kushuka hivyo hivyo, sauti ikikwaruza, akashusha honi, akaigeuza kumwaga yale maji yanayokusanyika ndani, polepole, kama mtu asiye na haraka. Kisha akamwinamia Mutheu akamwambia neno.

Wimbo uliendelea, na mwisho kile kipande kikarudi. Mwalimu alikuwa ameilaza honi mapajani, mikono yote miwili juu yake, watu wote wanaona. Hapakuwa na pa kujificha. Safu ya mbele ilimwangalia Mutheu. Njoki alivaa miwani. Na mtoto akainua honi, akapuliza.

Sitaieleza. Aliyekuwepo aliisikia. Ilipanda, ikakaa pale pale ilipovunjikia ya mzee, ikakaa sana, ikashuka. Bwana Musyimi alipoelekeza kijiti kwenye honi, Mwalimu hakuondoka kitini. Alimsukuma Mutheu kwa kiwiko, mtoto akasimama, machozi mpaka shingoni. Njoki alimwendea kabla makofi hayajaisha.

Jioni nilimuuliza Mutheu, "Alikuambia nini yule mzee?"

"Aliniambia, 'Ile mbaya nimeshaipiga mimi. Imebaki nzuri.'" Akatabasamu. "Maskini Mwalimu. Uzee umemshika, susu. Alitaka kujaribu, woga ukamshinda."

Na ndivyo mji mzima ulivyosema. Nzioka alimwigiza yule mbuzi kila Jumamosi. Wengine walisema wafalme na farasi walikuwa uongo tangu mwanzo, mtu gani alipigia wafalme apige namna ile? Mwalimu alikuja mazoezini kidogo, akasikia vicheko, akaacha kuja. Miiko ikakoma. Mutheu alihamia Nairobi, na mpaka leo anakula kwa honi.

Mimi nilibaki na kile kikombe. Nilikiosha, nikakikausha, nikakirudisha kabatini, na kila nilipokitoa nilijiuliza. Mwoga gani anayetulia kabla ya jambo na kulivuruga ndani yake? Na kama hakuogopa, ilipasukaje? Aliitaka Nairobi ikamponyoka, au aliivunja kwa mkono wake? Siku nyingine niliamini moja, siku nyingine lile lingine. Kumsadiki mtu wa farasi wa rangi mbili si kazi rahisi.

Juzi juzi nilikwenda Wamunyu kutafuta kigoda. Kwenye banda la wachongaji, nani ameketi akipiga msasa twiga wa mbao? Mwalimu. Amekonda, lakini tai ipo. Alifurahi kuniona mpaka akasimama. "Mama Mumo! Karibu, karibu, kaa. Mutheu hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu. Bado anakuonea huruma."

"Afadhali," akasema.

Mkaza mwanawe akatuletea chai, na vikombe vilikuwa na visahani. Tulizungumza juu ya mvua iliyotunyima kunde, tukazungumza juu ya Kavata ambaye ameolewa. Yeye alikishika kikombe chake mkononi, kimya kabisa. Nikaona nisipouliza sasa nitakufa na swali langu.

"Mwalimu, ile siku ulivunja makusudi."

"Nini?"

"Ile sauti. Uliipasua makusudi, ili mtoto asibaki na cha kuogopa."

Akacheka. "Mama Mumo, miaka yote niliposema siogopi hukuniamini. Sasa umeanza kuamini?"

"Siamini maneno. Kikombe chako hakikulia siku hiyo."

Akaacha kucheka. Akakiangalia kikombe kilichokuwa mkononi mwake kana kwamba kimemchongea. Mkaza mwanawe alikuwa mlangoni, na ndugu yake mchongaji aliacha kugonga patasi. Alikuwa na watu wa kumsikia. Angeweza kujisifu, na huyu ni mtu aliyejisifia hata farasi. Badala yake akakiinua kisahani, na vyombo vikaanza: ti-ti-ti-ti, mpaka chai ikamwagika.

"Umeona?" akasema. "Mimi ni mwoga tu, mama. Niliogopa ikapasuka. Waambie hivyo."

Nilimpangusia chai kwenye tai kwa kitambaa changu, nikasema sawa, nitawaambia. Lakini nimesikiliza kikombe cha huyu mtu miaka mingi, kikilia chenyewe naye akikohoa kukifunika. Hiki cha Wamunyu hakikulia chenyewe. Alikuwa anakitikisa.